Kaya Namba Nne

Maharage yalikuwa ishirini na manne, mekundu, ya kutoka kwenye kopo la Balbina mwenyewe, na Eveline aliyahesabu mara mbili kabla ya kuyamwaga juu ya mkeka.

"Kila harage ni saa moja, mama mdogo," alisema. "Siku nzima, mchana na usiku. Wewe uyagawe tu kama unavyoishi. Ya kulala huku, ya shambani huku, ya jikoni huku."

Balbina alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, tope la ng'ambo ya mto bado limo kwenye nyufa za visigino. Dada yake alikuwa amemwandikia barua kutoka Morogoro kwamba mtoto wake Eveline yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma masomo yanayoitwa jinsia, na sasa amepangiwa wiki nane za kujifunza kazi katika ofisi moja ya maendeleo ya wanawake pale Ifakara mjini. Balbina akahamisha magunia kutoka chumba cha nyuma, akafagia, akaazima chandarua. Alidhani jinsia ni kitu cha vitabuni. Hakujua kwamba ingekuja kumkuta uani kwake na maharage yake mwenyewe.

Aliyagawa haraka haraka kama mtu anayepanda. Matano kulala. Manne kwenye vitumbua, maana aliamka saa tisa za usiku kukoroga unga na kukaanga, na ilipofika saa moja asubuhi beseni lilikuwa limekwisha pale nje kwenye kibao. Mawili njiani, pamoja na kusubiri pantoni. Saba shambani kuwinga kwelea wasile mpunga, kwa kuwa ulikuwa umeanza kuinama, na Merina, waliyepakana naye shamba, aliwinga asubuhi pande zote mbili akimngoja yeye ashike zamu ya mchana. Yaliyobaki yakaenda kwenye maji, kuni, kinu na chungu cha jioni. Eveline akaandika yote daftarini, kisha akauliza ya kupumzika yako wapi.

"Si ndiyo hayo ya kulala?" Balbina akasema, wakacheka wote wawili.

"Haya. Sasa ya baba mdogo."

Hapo mkono wa Balbina ukasita. Wendelin, mume wake, alikuwa barazani upande wa mbele, anacheza bao peke yake. Kete zilisikika zikianguka moja moja. Balbina akaweka manane kulala. Mawili kula na kuoga. Mawili bao. Moja sala, maana Wendelin hakuwahi kuacha rozari yake. Kumi na moja yakabaki kiganjani, yakaanza kupata joto.

Hayo kumi na moja alijua vizuri yanakaa wapi. Matatu yalikuwa kwenye kinu. Kila alfajiri, yeye akiwa jikoni na karai lake, Wendelin alikuwa ndani ya ua wa matete anatwanga mchele wa vitumbua vya kesho, na majirani waliosikia mchi na mafuta kwa pamoja walikuwa wakisema Mama Digna ana mikono minne. Mengine yalikuwa kwenye ungo, kuchambua mchele punje kwa punje, na kwenye sare ya shule ya binti yao Digna, ambayo baba mtu ndiye aliyeifua na kuipiga pasi kwa kuilaza chini ya godoro. Lakini tangu Eveline aje, Wendelin hakushika mchi. Mtoto wa dada wa mke wake, msomi, asije akamkuta mkwe mzima anatwanga. Akahamia barazani, na kinu kikarudi kwa Balbina.

Na yaliyobaki yalikuwa ya siku zile ambazo Wendelin hulala kwenye mkeka kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, ulimi umekatika, mwili kama uliopigwa. Ugonjwa wa kuanguka ulimkuta kwenye mashamba ya miwa alikokuwa mkataji, na kwa bahati siku ile alikuwa ameinama peke yake mwisho wa mstari. Aliacha kazi akasema mgongo. Miaka sita sasa ni mgongo. Ndiyo maana havuki mto, hapandi baiskeli, hakai karibu na moto, haendi lindo la kufukuza nguruwe shambani usiku. Kila mwezi Balbina alikwenda upande wa Mahenge kumwona mama yake, na aliporudi, ndani ya pindo la khanga mlikuwa na vidonge vyeupe vidogo vya mwezi mzima. Waliojua ni yeye, Digna, na mganga wa zahanati ya huko Mahenge. Kwao watu waliamini kwamba anayegusa povu la aliyeanguka, au anayekula chungu kimoja naye, naye ataanguka. Nani angenunua kitumbua? Nani angekuja kumposa Digna?

Kuweka harage kwenye kinu ni kumvua mume nguo. Kueleza kwa nini havuki ni kuivunja nyumba. Balbina akayamwaga yote kumi na moja mahali pamoja.

"Weka kupumzika," akasema. "Ana mgongo."

Eveline aliandika. Kisha akamshika mama yake mdogo goti, akamwambia asiwe na wasiwasi, majina hayaandikwi, ofisi inakataza kabisa. Wao wataitwa kaya namba nne.

*

Mrejesho ulifanyika Jumamosi kwenye ghala la zamani la ushirika. Huo ndio utaratibu wa kazi yao, Eveline alieleza: mkishachukua habari za watu lazima mzirudishe kwao, wazione, wazijadili. Yeye mwenyewe alimwalika baba yake mdogo kwa heshima zote, na Wendelin, asiyependa mikusanyiko, akavaa shati lake la kanisani na kukaa benchi la tatu.

Karatasi kubwa sita zilibandikwa ukutani. Eveline alikuwa amechora siku ya kila kaya kwa miraba, mwekundu kwa saa ya kazi, mweupe kwa saa ya kupumzika, mke juu na mume chini. Alikesha akizipaka rangi na zilipendeza. Kwenye karatasi ya nne, mstari wa juu ulikuwa mwekundu kama damu ya kuku, na wa chini ulikuwa mweupe kama shuka iliyoanikwa.

Valeria, mratibu wa ofisi, mama mpole mwenye miwani, ndiye aliyesoma. Mama wa kaya hii anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua. Anauza mpaka saa moja. Anavuka na pantoni. Anawinga ndege mpaka jioni. Kabla hajafika kwenye kuni shingo zilikuwa zimeanza kugeuka. Mtaa mzima wa Viwanja Sitini, mtu anayekaanga vitumbua kisha akavuka mto kuwinga alikuwa mmoja tu.

Mwanamke mmoja nyuma alisema huyo mume wamvike khanga basi, apewe na kibeseni. Mzee mwingine akasema hayo ndiyo mambo ya ule mkutano wa wanawake wa Beijing, yamekwisha Uchina mwaka jana sasa yameshukia Ifakara. Watu wakacheka, na kicheko kingepita kama hewa kama si Fridolin. Huyu ndiye aliyeshika daftari la zamu za lindo kule ng'ambo, na kwa miaka sita alikuwa akiruka jina la Wendelin kwa sababu ya mgongo.

"Mimi nauliza tu," alisema bila kusimama. "Kuna mgongo unaouma kwenye lindo. Kwenye bao hauumi?"

Ghala likalipuka. Valeria aligonga meza, akawakumbusha kwamba hapa hatutaji mtu, tunajifunza. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema kama mama wa kaya namba nne yumo ndani na ana la kuongeza, anakaribishwa.

Balbina alikuwa upande wa akina mama, mikono katikati ya mapaja. Mdomo ulikwisha kufunguka. Aliona neno la kwanza, akaliona na la pili. Aliona pia nani wamekaa benchi la mbele: mwalimu wa Digna anayechukua vitumbua sita kila siku, fundi cherehani anayechukua vinne, mama wa mashine ya kukoboa. Akiongeza kinu, watacheka mpaka paa lianguke. Akiongeza kile kingine, hawatacheka. Akafunga mdomo.

Aliyesimama alikuwa Wendelin. Alisimama taratibu akishika benchi, kama mtu mwenye mgongo kweli, maana ameshauzoea.

"Dada mratibu, kaya namba nne ni yangu," alisema. "Mliyoandika ndiyo hayo. Fridolin, Jumatatu niandike lindo."

Walimpigia makofi. Hata yule aliyesema avikwe khanga alipiga. Valeria akavua miwani akaifuta, na Eveline pale kwenye karatasi zake alikuwa anang'aa uso mzima.

*

Nyumbani walifunga mlango wa chumba, jua likiwa bado halijazama. Balbina alimweleza yote anayoyajua mwenyewe: kwamba moto wa lindo unawaka mpaka asubuhi, kwamba dungu wanalokaa juu kulinda halina ukingo, na kwamba kinachoita ule ugonjwa kuliko vyote ni kukosa usingizi. Alimwambia waseme amepata homa, waseme mama mkwe anaumwa. Wendelin alikuwa anakunja shati la kanisani, mkono juu ya mkono.

"Miaka sita nimebeba mgongo usiouma," alisema. "Watu walinihurumia huo mgongo, nikaishi nao. Leo hata huo wameninyang'anya. Unataka nibaki na nini?"

"Ubaki hai."

"Miezi saba sijaanguka."

"Kwa sababu unalala, Baba Digna."

Wendelin aliendelea kukunja shati. Balbina akasema basi yeye atamwambia Eveline, mtoto ana akili, atajua la kufanya, pengine ataifuta ile karatasi. Hapo Wendelin akageuka.

"Yule mtoto ana daftari," alisema. "Kinachoingia mle kinatokea ukutani. Usimwambie."

Hata hivyo Balbina alimwendea. Alimpelekea chai chumbani, akamkuta anaandika kwa kasi, ndala moja mguuni nyingine iko chini ya kitanda. Eveline alisimama, akamshika mikono yote miwili. Aliomba radhi. Alisema alikosea kuweka vitumbua na pantoni, alifuta jina akadhani amemficha mtu, hakufikiri kwamba Ifakara watu wanajuana kwa kazi zao. Lakini mama mdogo si ameona baba mdogo alivyosimama? Mwalimu wake anakuja Alhamisi kutoka Dar es Salaam kumkagua, na katika wanafunzi wote waliotawanywa mikoani hakuna atakayekuwa na kitu kama hiki, mwanamume kusimama mbele ya watu na kubadilika.

"Asiende lindo," Balbina alisema.

"Kwa nini, mama mdogo?"

Balbina akatazama daftari. Liliachwa wazi, kalamu katikati. Akatafuta pa kuanzia, na jinsi alivyokuwa akitafuta, uso wa Eveline ukawa unabadilika. Binti akapunguza sauti kama mtu aliyefundishwa namna ya kuuliza.

"Anakupiga?"

Balbina alitaka kucheka, yakatoka machozi. Alisema baba yako mdogo hajawahi kuninyanyulia mkono hata wa kufukuzia nzi. Lakini machozi yalikuwa yametangulia, na Eveline alitikisa kichwa polepole, kwa huruma, bila kuamini. Balbina alipotoka alisikia kalamu imeanza tena.

*

Jumatatu walivuka pamoja. Wendelin hakutaka kusindikizwa, lakini hakuweza kumkatalia, kwa sababu mke wake huvuka kila siku. Kwenye pantoni alisimama katikati, mbali na kingo, na Balbina akasimama nyuma yake, vidole viwili vimeshika pindo la shati kwa namna ambayo mtu angedhani anatoa uzi. Wendelin alikuwa hajaona mto kwa miaka sita. Alisema maji yamepungua, au ukingo umesogea. Alisema pia kwamba upepo wa huku ni mzuri. Balbina akajibu ndiyo.

Shambani Wendelin aliwinga ndege mchana kutwa, na watu waliokuwa wakimwita Namba Nne asubuhi, kufika jioni walikuwa wanamwita kwa jina lake. Alitembea kwenye tuta akigonga debe, sauti imefunguka, akarudi na majani ya mpunga kwenye nywele. Balbina alimtazama kutoka kibandani. Tangu watoke kwenye miwa hajamwona amechoka kwa namna ile, uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Kwa kitambo kidogo hata yeye alifurahi, na furaha ile baadaye ilimkaa rohoni kama mwiba.

Kabla hajaondoka kuwahi pantoni ya mwisho alimfuata Fridolin pembeni. Alimwomba kama inawezekana Baba Digna apewe zamu ya mwanzo tu, ile ya saa mbili mpaka saa nne, halafu alale. Alisema bado ana mgongo kidogo. Fridolin alikuwa anapasua kuni. Si mtu mbaya. Mke wake akijifungua, Balbina ndiye aliyempikia uji siku tatu.

"Mama Digna," alisema, na wenzake walikuwa wanasikiliza, "hata huku unataka kumgawia maharage?"

Walicheka wote. Wendelin naye alicheka, zaidi yao.

Balbina akamfungia vidonge viwili kwenye leso, akamkabidhi kama anampa tumbaku. Akashuka kuelekea mtoni. Wanawake hawakulala kwenye lindo. Angebaki, ingekuwa ni aibu nyingine ya kumrundikia juu ya ile ya kwanza. Aligeuka mara tatu. Mara ya mwisho alimwona amekwishapanda juu ya dungu, amekaa na miguu inaning'inia, anaonyeshwa kitu kwa mbali.

*

Usiku wa Jumatatu ulipita. Jumanne mchana Balbina alimkuta macho mekundu na maneno mengi, akimsimulia walivyowakimbiza nguruwe kwa mienge mpaka ukingo wa mbuga. Alimwuliza kama amelala, akasema kidogo. Alimwuliza kama amemeza, akasema mbele ya watu angemezaje.

Jumatano asubuhi alikuwa kwenye kibao chake, beseni limebaki nusu, alipomwona Merina anakuja kwa mguu kutoka njia ya Kivukoni. Merina kwa kawaida saa hizo huwa ameshapita hapo kibaoni, yuko shambani. Alikuwa ameshika kofia ya Wendelin na kiatu kimoja. Alisimama mbali kidogo, upande wa pili wa mtaro.

Balbina alijua kabla hajaambiwa. Lakini mkono wake, kwa mazoea, ulikwisha kumwekea Merina kitumbua kwenye sahani, kile cha ukingoni kilichoungua kidogo anachokipenda.

Merina alieleza kwa sauti ya chini, akitazama ile sahani. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka. Wendelin alikuwa ameshuka kuota moto. Walisikia kama mtu anakoroma, wakadhani ni mzaha, kisha akaangukia motoni kwa upande wa kulia. Wanaume walirudi nyuma. Povu lilikuwa linamtoka, na mwenzangu si unajua, alisema Merina, watu wanaogopa. Hakuna aliyemgusa. Walisimama wakamtazama mpaka mwili ulipotulia, na mkono muda wote huo uko ndani. Fridolin ndiye aliyemvuta mwishowe, kwa kumshika suruali. Wamemleta na pantoni ya kwanza, yuko hospitali, yu hai.

"Mpunga usiuwaze," Merina alisema. "Nitawinga pande zote mbili."

"Chukua kitumbua," Balbina alisema. Hakujua kwa nini ndilo neno lililotoka.

"Nimekula, dada."

Merina aliweka kofia na kiatu juu ya nyasi, ng'ambo ya mtaro, akafuta viganja kwenye khanga yake mara mbili, tatu, na kuondoka. Miaka yote ya kupakana shamba hakuwahi kuamka akala kabla ya kufika hapo.

*

Mkono ulifungwa mpaka kwenye kiwiko. Daktari alisema vidole vitatu hawezi kuahidi. Wendelin alikuwa macho lakini alitazama ukuta, na kwa siku mbili za kwanza neno alilosema ni moja, aliuliza kama Digna amekwenda shule. Alikuwa amekwenda. Alikuwa amerudi pia, kabla ya saa nne, kwa sababu dawati alilokuwa anakaa na wenzake wawili sasa lilikuwa lake peke yake na hakujua asome vipi huku watu wanamgeukia.

Eveline aliambiwa pale pale kwenye korido ya wodi, yote, pamoja na kinu. Balbina hakuwa na hasira; alieleza kama anavyoeleza bei.

"Mbona hukuniambia, mama mdogo? Siku ile ya maharage. Ungeniambia tu."

"Ungeandika wapi?"

Eveline alifungua daftari kwenye ukurasa ule wa maharage. Kulikuwa na safu ya kazi za shambani, ya kazi za nyumbani, ya biashara, ya kupumzika. Alizitazama moja baada ya nyingine, kidole kinashuka, mpaka kikafika chini.

Mwalimu wake alifika Alhamisi kama ilivyopangwa, kwa gari lenye vumbi, alikuwa na wanafunzi wengine wa kuwakagua Kilosa. Alikaa saa moja na nusu. Alizisifu karatasi, akasema ya nne ataiomba aende kuitumia darasani. Eveline akamweleza yaliyotokea. Mwalimu yule akavua kofia. Alisema amesikitika sana. Aliuliza kama familia inahitaji kitu, Eveline akasema hajui wanahitaji nini. Basi akasema mambo haya ni mazito na watayazungumza kwenye semina, muhula ujao, atamtengea muda. Alijaza fomu juu ya goti, akaweka sahihi, na alama alizompa zilikuwa za juu.

Valeria alikwenda mpaka wodini na sukari na sabuni. Alisimama miguuni mwa kitanda. Hakukaa.

*

Jumatatu iliyofuata Balbina aliamka saa tisa kama siku zote. Unga ulikuwepo, ulikuwa ni ule wa mwisho alioutwanga Wendelin kabla mgeni hajaja, aliokuwa ameuweka akiba kwenye mtungi, mwororo hata hauhitaji chekecheo. Alikaanga mpaka beseni likajaa, akafunika kwa kitambaa cheupe, akatoka kukaa kwenye kibao.

Mwalimu wa Digna alipita, akasema habari za mgonjwa. Fundi cherehani alipita, akasema pole sana Mama Digna, Mungu yupo, na baiskeli yake haikusimama. Watoto wa shule wakapita upande wa pili wa mtaro, wakiwa wamefundishwa kusalimia, wakasalimia. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Hakuna aliyemtukana. Kama mtu angemtukana, pengine angejua la kujibu.

Saa moja na nusu Eveline alitoka ndani na begi lake. Wiki zake zilikuwa bado mbili, lakini ofisi imemruhusu akaandikie ripoti kwao. Alitazama beseni, akatazama barabara. Akaweka begi chini. Akavuta kigoda akakiweka mbele kabisa ya kibao, mahali ambapo kila anayepita lazima amwone, akajifunulia kitambaa mwenyewe na kuchukua kitumbua.

Alikula akiwa ameinua uso. Wa kwanza kumwona alikuwa mama wa mashine ya kukoboa, akasita kidogo, akaendelea. Eveline akachukua cha pili. Akakitafuna polepole, akasema kwa sauti kwamba vitumbua vya leo vimekaa vizuri. Wanaume wawili wenye majembe wakapita wakiongea, walipofika hapo mazungumzo yakakatika, walipovuka yakaendelea. Akachukua cha tatu, na cha nne. Mafuta yalimchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono. Cha tano alikimeza kwa shida, macho yamejaa maji, na bado aliinua uso.

Basi la Morogoro lilipiga honi kule stendi.

"Acha, mwanangu," Balbina alisema. "Utaumwa."

Eveline akatikisa kichwa, akanyoosha mkono, akachukua kingine.